Bertila wa Goweko na Wabunge wa Misitu

Bertila Masolwa hakuwahi kuota ubunge. Kama kulikuwa na kitu alichokitamani, basi ni usingizi, kwa sababu mke wa mkulima wa tumbaku hulala pale tu jani linapomruhusu. Aliolewa na Leodgar, kijana wa hapohapo Goweko, wakajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, wakampata Shukrani na wadogo zake, na kila mwaka maisha yao yakazunguka palepale: kitalu, kuhamisha miche, palizi, kuchuma, kufunga majani kwenye fito, halafu bani, kile kijumba kirefu cha udongo ambamo jani hukaushwa kwa moto wa kuni usiotakiwa kuzimika. Tumbaku iliwalisha. Tumbaku iliwasomesha watoto. Bertila hakuwahi kuisema vibaya, hata baadaye, alipokuwa na kila sababu ya kufanya hivyo.

Lakini alikuwa na upande mwingine alioupata kwa baba yake. Mzee Masolwa alikuwa mrina asali. Tangu binti yake angali mdogo alikuwa akimchukua msituni, baba amebeba mizinga ya magome begani, mtoto amebeba kibuyu cha maji na kijinga cha moto, wakipita kwenye vijia vyembamba kati ya miyombo na mininga. Alimfundisha kutambua mti ambao nyuki wataupenda, na kuwasikiliza nyuki kabla ya kuwasogelea. Watoto wa kiume wa Mzee Masolwa walishika njia zao, mmoja akaenda Nzega kwenye machimbo, mwingine akafungua duka Tabora mjini. Mzee alipoishiwa nguvu za kupanda miti, aliyebaki kumpandia alikuwa Bertila. Wanawake wa Goweko hawakuwa na mazoea ya kupanda miti kurina asali, na maneno yakasemwa kisimani na kanisani. Yeye akavaa suruali ya mumewe ndani ya kitenge, akapanda.

Kiangazi kimoja, baba yake akiwa ameshafariki, alikwenda msituni kurina asali akakuta kisiki. Mti uliokuwa umebeba mizinga yake mitatu ulikuwa umeangushwa. Mizinga imepasuka, masega yamekanyagwa, nyuki wamejikusanya kwenye nyasi kama watu waliounguliwa na nyumba. Alizifuata alama za mkokoteni zilizotoka pale. Zilipita bondeni, zikapita nyuma ya shule, zikamfikisha uani kwake mwenyewe, mlangoni mwa bani la mumewe.

Leodgar alipomwona amesimama pale na ndoo tupu, alielewa upesi.

"Mama Shukrani, niliwatuma watu wa mkokoteni," alisema. "Sikujua kama wataukata ule."

"Najua hukujua," Bertila alimjibu. "Lakini umeona mpaka wapi wanakwenda kutafuta kuni siku hizi? Ule mti ulikuwa mbali, Baba Shukrani. Sasa hivi si mbali tena."

Hakupiga kelele wala hakususa chakula. Wiki ile aliwatafuta wanawake wenzake waliokuwa na mizinga, wachache tu, wakakubaliana kufunga kitambaa chekundu kwenye kila mti wenye mzinga, na kuwaomba waume zao waupitie mbali. Waume wengine walicheka. Mzee Shigela, mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, alicheka kuliko wote, akauliza kama sasa miti nayo inavalishwa sare ya kwaya. Lakini asali ilipoanza kutoka kwa wingi na wanawake wakaanza kuipeleka soko la Tabora, kicheko kikapungua, na mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha kwamba mti wenye kitambaa haukatwi. Vijiji vya jirani vikaiga.

Hapo ndipo watu walipoanza kumwona Bertila kwa jicho lingine. Alikuwa na namna yake ya kuzungumza: alisubiri wote wamalize, kisha akasema neno dogo ambalo kila mmoja aliondoka akidhani ni lake. Wanawake wa chama chake cha siasa walimsukuma agombee udiwani wa viti maalumu, akapata. Uchaguzi uliofuata wakamsukuma tena, safari hii ubunge wa viti maalumu kupitia mkoa wa Tabora. Alikwenda kwenye mkutano wa kura akiamini anakwenda kuwasindikiza wengine. Alirudi Mheshimiwa.

Dodoma ilimpokea kwa baridi na vumbi. Wiki za kwanza alikaa ukumbini akisikiliza, amekunja mikono mapajani kama yuko ibadani, akijifunza lini mtu anasimama, lini anapiga meza, lini ananyamaza. Siku moja kwenye kantini alimsikia mbunge mmoja akimtania mwenzake: "Leo Alhamisi, nenda kwenu kwa watu wa miti." Aliuliza watu wa miti ni akina nani. Akaambiwa kuna kundi la wabunge wanaojiita Marafiki wa Misitu na Maji, la vyama vyote, lililokuwa likikutana kila Alhamisi baada ya kikao cha asubuhi.

Alikwenda. Kwenye karatasi kundi lilikuwa na wanachama wengi, tena wenye majina mazito. Ndani ya chumba alikuta watu wanne na chupa ya chai.

Aliyekaa mbele alikuwa Mheshimiwa Mabruki, mzee wa Bagamoyo mwenye kofia ya kiua, mwenyekiti wa kundi, mtu aliyeingia Bunge kwa sababu ya mikoko iliyokuwa ikikatwa pwani kwao. Pembeni yake alikuwapo Elieth, mwanasheria kijana kutoka milima ya Upare, wa chama cha upinzani, makamu mwenyekiti. Kanuni zao ndivyo zilivyosema: mwenyekiti akitoka chama tawala, makamu wake lazima atoke upinzani. Wale wengine wawili walikuwa wakisubiri kujua kama kuna safari.

"Shikamoo Mheshimiwa," Bertila alimsalimu Mabruki.

"Marahaba, karibu. Umekuja kwa semina?"

"Nimekuja kwa miti."

Mabruki alimtazama, kisha akamsogezea kikombe. Elieth akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Kabla chai haijapoa, Bertila alikuwa ameshapewa kazi ya ukatibu, kazi ambayo hakuna aliyeitaka tangu katibu wa mwanzo alipoteuliwa kuwa naibu waziri akaacha kuonekana.

Watu wengi hudhani katibu wa kundi kama lile ni mtu wa kuandika mihtasari. Bertila aliichukua kama alivyochukua kazi ya kuwakusanya wanawake wa mizinga. Alianza kuwatembelea wanachama mmoja mmoja, kwenye viti vyao kabla kikao hakijaanza, kwenye foleni ya chakula, nje ya kanisa siku ya Jumapili. Hakuwauliza kwa nini hawaji. Aliwauliza: "Kwenu, Mheshimiwa, ni nini kinachoisha?" Na kila mtu alikuwa na jibu. Wa kando ya ziwa alisema ni samaki, wamebaki magugu maji. Wa Igunga alisema ni malisho. Wa Kaskazini alisema chemchemi aliyochota maji mama yake sasa ni jiwe kavu. Bertila akawaambia kila Alhamisi mmoja ataleta la kwao, na wengine watamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, halafu kundi zima litauliza swali hilohilo bungeni kana kwamba ni la kila mmoja.

Mbunge wa ziwa aliposimama kuuliza kuhusu magugu, wa Igunga akauliza swali la nyongeza juu ya magugu yaleyale, na wa Upare akadakia, waziri alishangaa. Hakuwahi kuona wabunge wa vyama vitatu wakilia msiba mmoja. Jibu alilolitoa siku hiyo lilikuwa la kweli, na kazi ikafanyika. Habari zikaenea. Chumba cha Alhamisi kikawa hakitoshi, wakahamia kikubwa zaidi. Mabruki alizoea kusema mbele ya wageni, "Mimi ni mwenyekiti, lakini kundi ni la Mama Shukrani."

Kisha ikaja zamu ya tumbaku.

Elieth ndiye aliyeileta. Alikuwa ameandaa hoja binafsi, ya kulitaka Bunge liazimie kwamba kuanzia msimu unaofuata ni marufuku kukata mti wowote wa asili kwa ajili ya kukaushia tumbaku, popote nchini. Alikuwa amefanya utafiti, alikuwa na picha zilizopigwa kutoka angani zikionyesha jinsi miyombo ya Tabora ilivyopukutika. Picha zilipitishwa mezani kutoka mkono hadi mkono. Zilipomfikia Bertila alizitazama muda mrefu. Alikiona kijito cha Goweko, akayaona maeneo yaliyokuwa msitu alipokuwa binti, sasa yamekuwa meupe kama kichwa cha mgonjwa kilichonyolewa.

"Katibu, unasemaje?" aliuliza Mabruki, kwa upole, maana alijua alikotoka.

Bertila alizirudisha picha mezani. Kila neno katika ile hoja lilikuwa kweli. Na kila neno lilikuwa likienda kumvunjia jirani yake bani.

"Kundi likikubali, nitasaini," alisema. "Lakini naomba kabla haijasomwa niende kwanza nyumbani nikawaambie mwenyewe."

Kundi lilikubali, akasaini. Lakini habari haikumsubiri. Mtu alivujisha, redio moja ikatangaza, na kabla hajafunga begi lake simu ya Leodgar ikaingia.

"Mama Shukrani, huku kuna moto. Wanasema umekwenda Dodoma kuifunga tumbaku. Shigela ameitisha mkutano. Usije."

"Nakuja kesho, Baba Shukrani. Waambie wanisubiri."

Alipanda treni ya Reli ya Kati. Njia nzima aliegemea dirisha, akijaribu kutunga maneno na kuyatupa. Treni ilipofika stesheni ya Goweko jua lilikuwa limeshapanda, na Leodgar alikuwa pale na baiskeli, peke yake. Siku nyingine alikuwa akipokelewa kwa vigelegele. Walishika njia ya ghalani. Wanawake waliokuwa wakiuza viazi pembeni ya reli waligeuza nyuso.

Kwenye ghala la chama cha msingi watu walikuwa wamejaa mpaka nje. Mzee Shigela alikuwa amesimama juu ya mizani ya kupimia mitumba ya tumbaku ili aonekane vizuri. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Bertila binti Masolwa," alisema, bila Mheshimiwa, "wewe tulikutoa sisi. Watoto wako wamesoma kwa tumbaku. Paa lako ni tumbaku. Ni kweli au si kweli kwamba umetia saini tumbaku ife?"

Leodgar, aliyekuwa karibu na mlango, aliinamisha kichwa.

"Ni kweli nimesaini," alisema Bertila.

Kelele zilizoibuka zilimfanya arudi nyuma hatua moja. Mtu alimwita msaliti. Mwingine alisema amehongwa. Yeye alisubiri, kama ilivyokuwa desturi yake, mpaka waliokuwa wakipiga kelele walipochoka na kuona aibu ya kupiga kelele peke yao.

"Nimesaini kwa sababu mnajua kuni mnazitoa wapi sasa hivi," aliendelea. "Mzee Shigela, mwaka ulipooa kuni ulizitoa nyuma ya nyumba yako. Leo mkokoteni wako unatoka alfajiri unarudi jioni. Mjukuu wako atazitoa wapi? Sikuja kuwaambia tumbaku ni mbaya. Nimekuja kuwaomba kitu kimoja. Wale wabunge wenzangu hawajawahi kuliona bani. Wakaribisheni. Waje wawaambie usoni wanachotaka kuwaambia kule mbali, na nyinyi muwajibu."

"Waje wafanye nini? Wapige picha?" aliuliza mtu.

Mzee Shigela alishuka kwenye mizani. Alifikiri huku akikuna kidevu.

"Waje," alisema mwishowe. "Lakini hakuna kukaa kwenye turubai na soda. Anayekuja atachuma jani, atachochea moto. Akimaliza, ndipo azungumze."

Bertila alirudi Dodoma na mwaliko huo. Elieth hakuupenda. Alisema huo ni ujanja wa kuchelewesha hoja, na wako waliokubaliana naye. Bertila hakubishana. Alimwambia tu, "Mwanangu, hoja yako ikiwa na nguvu, haitakufa kwa siku mbili za Goweko." Elieth alikuwa mtu mwenye msimamo, lakini hakuwa mwoga. Alikubali.

Walikuja wabunge tisa, kwa basi dogo. Mzee Mabruki aliomba wapitie kwanza Kwihara, karibu na Tabora mjini, ingawa ilikuwa kuzunguka. Alishuka peke yake, akasimama kwenye ile njia ya zamani ya misafara akiwa ameshika kofia mkononi. Aliporudi ndani ya basi aliwaambia kwamba babu wa babu yake alitoka Bagamoyo akafika mpaka hapa, mzigo kichwani, na katika ukoo wao ilisimuliwa kwamba baada ya nyika kavu za katikati, wapagazi walijua wameingia Unyamwezi walipoanza kutembea kivulini siku nzima. "Nimekuja na gari lenye kiyoyozi," alisema, "na nimetafuta hicho kivuli tangu asubuhi."

Goweko walifanya kama walivyoambiwa. Wabunge walichuma majani mpaka viganja vikawa vyeusi kwa utomvu. Elieth alikabidhiwa kwa Leodgar kwenye bani. Leodgar, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimweleza kwamba moto ukipanda ghafla jani linaungua, ukishuka linaoza, na jasho la msimu mzima linapotea kwa kosa la saa chache. Elieth alichochea kuni, macho yakimtoka machozi kwa moshi, na hakuomba kupumzishwa. Alipotoka nje alinawa uso, akamwendea Mzee Shigela.

"Mzee, nimeiona kazi yenu, na nimeiheshimu. Sasa naomba nionyeshwe miti mnayotakiwa kupanda. Kila mkulima ana wajibu wa kupanda. Iko wapi?"

Shigela alikohoa. Alimpeleka nyuma ya ghala, kwenye kiwanja kilichozungushiwa miiba. Ndani yake mlikuwa na safu za vijiti vikavu, kila kimoja na kibao chake cha jina.

"Ilipandwa walipokuja wageni," alisema mzee, sauti imeshuka. "Wageni wakaondoka, na mvua nayo ikaondoka."

Hakuna aliyecheka. Bertila aliona wakulima wakitazamana, na aliona pia Elieth akimeza neno kali lililokuwa limeshafika mdomoni. Akaona ni hapohapo. Akawaomba wote, wabunge na wakulima, waingie kwenye darasa la shule ya msingi, wakae kwenye madawati yaleyale ya watoto, wakiwa wamechanganyika, asikae mbunge na mbunge wala mkulima na mkulima.

Walizungumza mchana kutwa. Wakulima walisema hawapendi kukata miti, wanapenda kula. Walitaka mabani mapya yanayotumia kuni chache, waliyoyaona kwa jirani mmoja mwenye uwezo, lakini walitaka wanunuzi wa tumbaku nao wabebe sehemu ya mzigo huo badala ya kumwachia mkulima peke yake. Walitaka miche iletwe mvua zinapoanza. Marufuku ya mara moja, walisema, ingewafanya wakate kwa kujificha, na anayejificha hachagui mti. Mabruki aliona mantiki. Wabunge wengi waliona mantiki.

Elieth alikunja karatasi zake. "Basi tumekwisha," alisema. "Tukianza kusema polepole, polepole itakuwa miaka, na miaka ikipita hakuna mti. Katibu, nakuheshimu kama mama yangu, lakini mnaiua hoja. Niondoleeni jina."

Mwenyekiti alianza kumbembeleza. Bertila alimzuia kwa mkono, akaenda kukaa kwenye dawati la Elieth, wakabanana.

"Niambie kitu kimoja ambacho hutakiachia," alimwambia. "Kimoja."

Elieth hakuchukua muda. "Misitu ya hifadhi. Vibali vya kukata kuni za tumbaku ndani ya hifadhi visitolewe tena. Hata kimoja. Si mwaka ujao wala si kwa awamu. Mara moja."

Darasani watu wa Goweko waligeuka kumtazama Bertila, kwa sababu wao walijua jambo ambalo wageni hawakulijua. Leodgar, mumewe, alikuwa na kibali cha kukata ndani ya hifadhi iliyo kusini mwa kijiji. Ndicho kilichomfanya awe na mabani matatu wakati wengi walikuwa na moja. Leodgar mwenyewe alikuwa amekaa dirishani. Bertila alimtazama, na katika kumtazama kule kulikuwa na maisha yao yote.

"Ni haki," alisema Bertila. "Iandikwe hivyo. Na ijulikane kwamba mmoja wa wenye vibali hivyo ni mume wangu."

Jioni ile, wageni walipokuwa wakila, alimkuta Leodgar kwenye mabani yake, akipapasa ukuta wa lile alilolijenga mwisho.

"Ungeniuliza kwanza," alisema Leodgar.

"Ningekuuliza, ungekubali?"

"Hapana."

Leodgar aligonga ukuta kwa kiganja, kama mtu anayemgonga ng'ombe aliyemuuza.

"Bani moja litatulisha," alisema. "Watoto wameshakua. Ila usiniambie nifurahi."

"Sikuambii ufurahi, Baba Shukrani. Asante."

Hoja, ikiwa imeandikwa upya, ilisomwa bungeni na Elieth, na ikaungwa mkono na Mabruki. Bertila alipopewa nafasi ya kuchangia alizungumza kwa muda mfupi kuliko wote. Alisema amesimama kama mke wa mkulima wa tumbaku, nyumba yake imeshaanza kulipia azimio hilo, na hawezi kuwaomba wengine kitu ambacho yeye mwenyewe amekikwepa. Meza zilipigwa pande zote mbili za ukumbi. Serikali ilikubali sehemu kubwa: mabani mapya, miche kuletwa kwa wakati, na vibali vya hifadhini kusitishwa. Lile la wanunuzi kuchangia lilibadilishwa maneno mpaka likabaki laini, na Elieth alitoka nje amenuna. Bertila alimfuata kwenye ngazi, akamshika mkono. Walikaa hapo, mwanamke wa Goweko na binti wa Upare, mpaka watu walipoanza kuwapita wakiwapongeza.

Ubunge wake haukudumu. Uchaguzi uliofuata, kwenye mkutano wa wanawake wa chama mkoani, kura hazikutosha. Wapo waliosema ni tumbaku iliyomwangusha, wapo waliosema ni kwa kuwa alikuwa karibu mno na wapinzani. Yeye aliwapongeza walioshinda mmoja baada ya mwingine, akampigia simu Mabruki kumuaga, akapanda treni. Leodgar alikuwa stesheni na baiskeli ileile. Safari hii Mzee Shigela alikuwa naye, na ndiye aliyebeba begi.

Si kila kitu kimekwenda sawa tangu hapo. Mabani mapya yamejengwa, lakini si mengi kama walivyoahidiwa. Mvua za mwaka jana zilichelewa, nusu ya miche ikafa. Wafugaji na wakulima bado wanagombana pembezoni mwa hifadhi. Hata hivyo ukisimama leo kusini mwa kijiji utaona machipukizi ya miyombo yamempita mtu kimo, na wanawake wa mizinga wamekuwa wengi kiasi kwamba wamefungua banda lao wenyewe sokoni Tabora. Leodgar naye ameanza kuwasaidia kubeba mizinga, ingawa akiulizwa anasema anapita tu.

Bertila sasa ni mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya kijiji, cheo kisicho na gari wala kiti cha kuzunguka. Watu bado wanamwita Mheshimiwa, na ameacha kuwakataza. Asubuhi nyingi utamkuta kitaluni na Mzee Shigela, wakibishana kama miche ya mninga imwagiliwe kabla ya jua au baada. Elieth, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa Marafiki wa Misitu na Maji, humpigia simu mara kwa mara.

Juzi alimpigia akiwa amechanganyikiwa. Wabunge wawili wa kundi wamegombana juu ya maji ya mto unaopita majimbo yao, hawataki hata kukaa chumba kimoja.

"Mama, nifanyeje? Mmoja wao lazima atoke."

"Asitoke mtu," alisema Bertila, simu ameibana begani, mikono imejaa udongo. "Wapandishe gari moja. Wapeleke mtoni, tena kule chini kabisa ambako maji hayafiki. Wakifika hapo, usiseme chochote. Wewe shuka tu, uwaache watembee."

"Na wakikataa kushuka?"

"Basi subiri. Joto litawashusha."

Elieth alicheka, akaahidi kumpigia wakirudi. Bertila aliweka simu kwenye mfuko wa kitenge, akamwomba Mzee Shigela amsogezee ndoo, na wakaendelea na safu iliyobaki kabla jua halijawa kali.